Winora, Jina Lililopigiwa Mstari

Naapa kwa macho yangu yote mawili, hili lenye mtoto wa jicho na hili zima, kwamba haya yametokea kama yalivyo. Sijatia chumvi wala pilipili. Najua mnavyonisema huko pembeni, kwamba tangu nistaafu nina kazi moja tu, kutunga. Haya, leo tuwekeane sharti. Atakayenikuta na uongo humu ndani, hata wa ukubwa wa punje ya mchanga, anipangie adhabu aitakayo na nitaitumikia bila kufungua mdomo.

Sasa sogeeni.

"Jina la mtoto?"

"Winora."

Kalamu ilisimama hapo hapo juu ya karatasi.

Aliyeishika alikuwa karani wa vizazi, dirisha namba mbili, ofisi ya usajili. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile chenye mguu mmoja uliotiwa kipande cha gazeti kisiyumbe. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikuwahi kutakata wino wa muhuri, ndiyo maana watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita Wino.

"Rudia, mama."

"Winora," alisema yule mzazi kijana, akimpepea kichanga wake kwa kadi ya kliniki. "Au halina nafasi?"

"Nafasi ipo. Mmelipata wapi?"

Mumewe akadakia kwa mbwembwe. "Kwenye simu, dada. Jina la kale sana hilo. Malkia mmoja wa visiwani. Maana yake nyota inayochelewa kuzama."

Wino akaandika. Alijua umri wa jina lile kuliko simu yoyote. Lilikuwa na miaka kumi na moja. Lilitungwa Jumapili mchana, kitandani, na watu wawili wenye njaa na uvivu wa kuinuka kupika. Watu wawili tu duniani ndio waliolijua. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili alikuwa mumewe, mchora mabango, mwanamume wa maneno machache na suruali yenye madoa ya kila duka la mji ule. Huyo walimwita Rangi.

"Akiwa wa kike," Rangi alisema Jumapili hiyo, sikio kaliweka juu ya tumbo la mkewe, "nusu yako, nusu yangu. Wino na Rangi. Winora."

"Na hiyo 'ngi' umeipeleka wapi?"

"Tunamwekea mdogo wake."

"Je, akiwa wa kiume?"

"Atajitafutia mwenyewe, wanaume tumezoea shida."

Wino alicheka mpaka mtoto akapiga teke. Rangi akaondoa sikio, akalishika kama mtu aliyezabwa kofi.

"Amekubali," alisema.

Mtoto alizaliwa miezi miwili baadaye, wa kike, viungo vimetimia, kucha zimetimia. Ila hakulia.

Hapa niwaeleze jambo la ofisini, bila hilo hamtaelewa kilichowatenganisha. Siku zile mtoto asiyelia aliandikwa kwenye daftari lile lile la wenzake: tarehe, jinsia, jina la mama, jina la baba. Lakini kwenye safu ya jina lake, karani alipiga mstari mwekundu. Kwa rula, uwe umenyooka. Wino alikuwa amekwisha kupiga mistari hiyo kwa miaka minane na mkono haukumtetemeka, maana ilikuwa ya watoto wa watu.

Aliporudi kazini baada ya majuma matatu, fomu kutoka wodini ilikuwa mezani inamngoja. Kwenye safu ya mama, jina lake.

Mkuu wa ofisi alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Pole, binti," alisema. "Utaratibu ni ule ule. Au nimpe mwenzako aandike?"

"Nitaandika mwenyewe, Mkuu."

Mkuu akamwekea rula mezani.

Msimhukumu. Mwanamke yule hakuwahi kumwogesha mwanawe, hakuwahi kumvisha. Ile ndiyo kazi pekee ya mkono wake aliyobakiwa nayo ya kumfanyia. Akajikaza, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, akapiga mstari ulionyooka kuliko yote ya miaka minane.

Mchana Rangi alipita kumchukua.

"Nionyeshe alipoandikwa."

Wino akaligeuza daftari.

"Jina liko wapi?"

"Hawa hawaandikwi jina. Ni utaratibu."

"Nani kapiga huu mstari?"

"Mimi."

"Mkono wako huu?"

Na hapo, badala ya kumwambia yaliyokuwa moyoni, mwanamke alijibu kama karani. "Kwa rula. Nimeunyoosha vizuri."

Rangi aliutazama mstari, akamtazama mkewe.

"Mwanangu umemfuta," alisema polepole. "Tena kwa rula."

Wino aliporudi nyumbani jioni ile alikuta mkoba wa brashi haupo. Nguo zote zilikuwepo. Alifikiri mtu aliyeacha nguo atarudi, akangoja. Rangi naye huko alikokwenda alifikiri mwenye kosa atamfuata, akangoja. Wakangojana hivyo miaka kumi na moja, kila mmoja kaishikilia simu yake mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Turudi dirishani.

Mwezi ule walikuja Winora wanne. Mwezi uliofuata, tisa. Mwaka haujaisha walikuwa arobaini na mmoja. Wa kiume wakaanza kuitwa Winori. Pacha wakaja, Winora na Winorita, Wino akawagongea mihuri macho yakiwa mekundu kama mtu anayemenya vitunguu.

Kila mzazi Wino alimuuliza, "Mmelipata wapi?" na kila mzazi alikuwa na asili yake.

"Bibi yake aliliota."

"Lipo kwenye vitabu vya zamani, dada, ni jina la ua."

"Jirani kamwita wake, nami nikasema siwezi kushindwa na jirani."

Shoga yake wa dirisha namba tatu, mwenye ulimi usio na kizuizi, ndiye aliyesema alilokuwa akilikwepa.

"Shoga, wewe huoni au hutaki kuona? Mwenzio kazaa huko aliko, kampa mtoto jina lenu. Likatoka hapo, likasambaa."

"Rangi hawezi."

"Miaka kumi na moja, shoga. Ulidhani analala na ndoo za rangi?"

Kauli ile ilimkata maini. Siku hiyo hakula. Kufiwa alikuwa amekwisha kuzoea. Kilichomuuma ni kwamba mwanawe hakuwa na picha, hakuwa na nguo, hakuwa na safu kwenye daftari. Kitu pekee alichokuwa nacho ni jina, na sasa kuna mtu kamvua akamvalisha mwingine.

Akaapa amtafute Rangi, amkute na huyo mke na huyo mtoto, amwambie mbele yao, "Rudisha."

Basi siku moja akaja mama mmoja, muuza mitumba, sauti nzito, mtoto kafungwa mgongoni kwa khanga.

"Winora," alisema.

"Nawe umelipata kwenye simu?"

"Simu yangu mimi ya tochi, dada. Nimelisoma ukutani."

"Ukuta gani?"

"Wodi ya wazazi. Uchungu ulinishika asubuhi, huyu bibi katoka jioni. Mchana kutwa sina pa kutazama ila ule ukuta wenye bata. Kona ya chini pameandikwa. Nimelisoma mara elfu, dada. Nikasema, nikitoka hapa na roho yangu na yake, huyu ndiye Winora."

Wino aliweka kalamu chini. Akamgeukia shoga yake.

"Nishikie dirisha."

Wodi ile hakuwa ameikanyaga tangu siku aliyotoka mikono mitupu. Alipofika mlangoni alishika fremu. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima mwenye viatu vya raba, alimwona akiyumba.

"Mama, umekuja kujifungua au kuanguka?"

"Nimekuja kuona ukuta."

"Ukuta," muuguzi alirudia, akamtazama juu mpaka chini. "Haya, ingia. Ukuta hauna saa za kutembelewa."

Walikuwepo bata saba, wa manjano, wanatembea kwenda mlangoni. Sita wanatazama mbele. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, kageuza shingo anatazama nyuma, vitandani. Chini yake kwenye kona, pale fundi anapoweka jina lake, pameandikwa kwa rangi ya samawati: Winora.

"Aliyechora ni nani?" Wino aliuliza, ingawa herufi zile alizijua kama anavyoujua mgongo wa mkono wake.

"Fundi Winora. Sisi tunamwita hivyo maana ndivyo anavyosaini. Kila mwaka, mwezi huu huu, huja kupaka upya, na hataki malipo. Ila ana vituko vyake. Haingii mpaka abishe hodi aulize, 'Leo wote wamelia?' Nikimwambia wote wamelia, anaingia. Nikimwambia yupo ambaye hakulia, anakaa kwenye benchi pale nje na ndoo yake mapajani, mpaka jioni, halafu anarudi kwake."

"Ana mtoto?"

"Nilimuuliza. Akasema anaye mmoja, anakua vizuri." Muuguzi alitoa simu mfukoni. "Namba yake ninayo. Unataka?"

Nje, kwenye benchi lile lile, Wino aliandika ujumbe, akafuta, akaandika tena. Mwishowe ukaenda huu:

"Ni mimi. Nimeuona ukuta."

Jibu lilichelewa kiasi cha mtu kutafuta miwani.

"Ukuta upi? Ziko nyingi."

"Ngapi?"

"Saluni tatu. Chekechea mbili. Karakana ya baiskeli. Duka la majeneza. Mlango wa choo cha stendi, hapo nilikuwa nimekasirika."

Mwanamke akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, na kicheko kikageuka katikati kuwa kilio. Akapiga simu.

"Nilidhani umepata mwingine," alisema bila salamu.

"Mwingine nani?"

"Mke. Mtoto. Ukampa jina letu."

Upande wa pili kilisikika kikohozi kirefu, cha mtu anayekohoa huku kashika ukuta.

"Nilichopata ni kifua," Rangi alisema. "Hizi rangi za kupuliza. Dada yangu ananipikia uji, ananisimanga. Hana mwingine wa kumsimanga."

"Kwa nini hukurudi?"

"Kwa nini hukunifuata?"

"Nilikuwa naona aibu. Ule mstari."

"Mimi nilikuwa naona aibu ya lile neno. Nilikwambia umemfuta." Kikohozi tena. "Nikasema, kama kitabu hakina nafasi yake, nitamwandika kwenye kuta. Sikujua watu watalichukua. Siku ya kwanza kusikia mama anamwita mwanawe 'Winora, njoo uvae viatu', nilikuwa juu ya ngazi. Nusura nianguke."

"Uliumia?"

"Nilifurahi. Nikamtazama akivaa viatu."

Wino alijifuta pua kwa kiganja.

"Rangi, utaratibu umebadilika. Mwaka wa pili sasa. Ipo fomu ya watoto wasiolia, wazazi wanakuja wanawaandikisha majina. Kila juma nawapitishia watu. Yetu nimeijaza, iko kwenye droo."

"Mbona hukuipitisha?"

"Inataka wazazi wote wawili. Waje, wakae mbele ya karani, watie sahihi."

Kwa mbali ilisikika sauti ya mwanamke ikisema uji unapoa.

"Lini?" Rangi aliuliza.

"Alhamisi. Saa nne nakuwa sina foleni."

"Nitavaa shati jeupe."

"Unalo?"

"Lina madoa machache. Wino?"

"Eeh."

"Siku ile ulisema umeunyoosha vizuri. Nimekuja kuelewa baadaye, nikiwa juu ya ngazi huko. Ulikuwa unamtunza."

Alhamisi saa nne kamili Rangi aliingia ofisini, shati jeupe, nywele kazichana kwa maji. Ofisi nzima ilisimama. Shoga wa dirisha namba tatu aliziba mdomo kwa mikono miwili, naye mnajua si mtu wa kuziba mdomo. Mkuu wa zamani wa ofisi, aliyekuwa amepita kusalimia, alijitolea kuwa shahidi. Rangi alitia sahihi, Wino akatia yake, jina likaandikwa juu ya ule mstari mwekundu kwa rangi ya samawati, na wawili wakatoka wameshikana mikono, watu wakipiga makofi mpaka barabarani. Mwezi haukuisha wakafunga ndoa upya, na kikohozi kikapona.

Mwisho.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia. Lakini kabla ya kuwatumia ninyi nikaona adabu ni kumpelekea kwanza Wino mwenyewe asome. Baada ya nusu saa simu ikalia.

"Mkuu, shikamoo."

"Marahaba, binti. Umesoma?"

"Nimesoma. Watoto walikuwa kumi na saba. Hao arobaini na mmoja umewatoa wapi?"

"Hadithi inataka watu."

"Na pacha Winorita?"

"Huyo ni wangu. Nimemzaa mwenyewe."

Alicheka kidogo, kwa kuniheshimu. Nilijua kinachokuja, nikavua miwani.

"Alhamisi hakuja mtu, Mkuu."

"Najua, binti."

"Unajua. Ulikuwepo, ulikuja kusalimia, na kile kiti ulikiona. Nilikiweka tangu asubuhi, nikakiwekea mto. Saa nne, saa tano, saa saba. Nikasema foleni ya magari. Saa tisa ndipo wifi yangu akapiga." Sauti yake haikupanda wala kushuka, sauti ya karani anayesoma fomu. "Akasema, 'Wifi, kaka alivaa shati tangu saa kumi na mbili asubuhi. Alikaa kwenye kiti mlangoni, akasema apumzike kidogo ndipo atoke. Nilidhani kasinzia. Sikutaka kumwamsha, usiku hakulala kwa furaha.' Ndivyo alivyosema. Kwa nini wewe umeandika alikuja?"

"Sikuweza kumwacha akae mlangoni pale, binti."

"Fomu bado iko kwenye droo. Ina sahihi moja."

"Najua."

"Na jambo la tatu. Huyu mkuu wa ofisi, aliyeleta rula. Umemwandika kana kwamba ulimsikia tu kwa watu."

Mtu wa miaka sabini na mbili, niliyejibu mawaziri, nikaanza kupangusa miwani.

"Sikulaumu," aliendelea. "Hujawahi kunisikia nikikulaumu. Lakini ungeweza kusema, 'Binti, paache wazi.' Nafasi wazi ingemdhuru nani?"

"Hakuna. Nimewaza neno hilo hilo tangu nistaafu."

"Basi lile sharti lako la juu, bado lipo?"

"Lipo. Panga."

"Mwezi huu ndio mwezi wa kupaka upya ule ukuta. Fundi hayupo. Utapaka wewe, na mwaka ujao utapaka wewe, mpaka ushindwe kupanda ngazi za wodini."

"Binti, mikono yangu inatetemeka."

"Mwaka ule haikutetemeka," alisema.

Jana nimekwenda. Nilibeba ndoo mimi, brashi akashika yeye, zile zile za marehemu, wifi yake kazileta zimefungwa kwenye shati jeupe. Nilibisha hodi. Muuguzi wa viatu vya raba akachungulia.

"Leo wote wamelia?" niliuliza.

"Bado mmoja. Kaeni."

Tukakaa kwenye benchi, ndoo mapajani mwangu. Wino alikuwa akitazama mlango. Sijui tulikaa muda gani. Ningesema saa tatu mngeniambia natunga, basi semeni ninyi. Mara ndani akalia mtu, kilio chembamba cha hasira, cha mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Muuguzi akafungua mlango wote.

"Sasa wote."

Bata tuliwamaliza vizuri, wao hawana ugumu. Nilipofika kwenye kona, W ilinishinda mara tatu. Nikafuta, nikaanza tena. Nikasema, "Binti, nipatie rula ninyooshe chini."

Alinitazama tu.

Nikaandika kwa mkono mtupu. Limekwenda upande kidogo, lakini linasomeka. Yule bata wa mwisho analitazama.